Mgeni Aliyesema Kiswahili Angani

Tarehe 8 Septemba 1966 shirika la televisheni la NBC la Marekani lilianza kuonyesha mfululizo wa hadithi za sayansi ya kubuni uitwao Star Trek. Hadithi iliyotangulizwa usiku ule iliitwa "The Man Trap", maana yake mtego wa watu. Mtungaji wake alikuwa George Clayton Johnson, na mwongozaji Marc Daniels. Ndani ya hadithi hiyo mna onyesho fupi ambalo Mswahili yeyote akiliona leo hana budi kulirudia. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, yuko peke yake katika ujia wa chombo. Anatokea baharia mmoja, mwanamume mweusi, mtanashati, mwenye tabasamu. Uhura hamjui. Baharia anamwambia kwamba muda si mrefu alikuwa akimwaza mtu mfano wake. Kisha anamsemesha kwa Kiswahili. Uhura anastaajabu na kufurahi, kama afurahivyo msafiri asikiapo lugha ya kwao mahali asipoitarajia. Anazidi kusogelewa, macho yake yanaanza kulegea. Na lau si wito wa kazi uliomzindua, angekufa. Maana yule hakuwa baharia, wala hakuwa binadamu. Alikuwa kiumbe wa sayari ya mbali, wa mwisho wa kizazi chake, awezaye kujigeuza umbo akawa mtu anayewazwa na mwenziwe, na haja yake ilikuwa kufyonza chumvi iliyomo mwilini mwa watu.

Mwaka huo Tanzania haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilipata chake mwaka 1973, na Bara ikangoja mpaka 1994. Nairobi ilikuwa imetangulia tangu 1962 na Kampala tangu 1963. Mtu wa Kahama, wa Ushirombo au wa Geita mwaka 1966 aliwajua watangazaji wa redio kwa sauti zao, na nyuso zao hakuzijua. Kwa hiyo Kiswahili kilisemwa mbele ya mamilioni ya Wamarekani, na wenye lugha hawakuwapo kusema kama kimesemwa vema au vibaya.

Swali la yule baharia ni nani lina majibu matatu. Katika hadithi yeye ni kivuli cha fikra za Uhura. Chini ya kivuli ni yule mla chumvi. Na chini ya wote wawili ni Vince Howard, mwigizaji wa Marekani, ambaye alilipwa kwa kazi ya siku chache na kwenda zake. Mhusika wake hakupewa jina. Vitabu vya baadaye humtaja kwa namna ya kumtegemeza kwa mwingine, kwamba ni baharia wa Uhura. Howard hakuwa mtu wa kubahatisha katika kazi hiyo. Tangu 1963 mpaka 1965 alionekana kama mwalimu katika mfululizo wa Mr. Novak, na kuanzia miaka ya sabini alionekana tena na tena katika Emergency!, akiwa askari polisi. Aliyemwona mara moja tu katika Star Trek angeweza kumwona mara nyingi kwingineko asijue kwamba ni mtu yuleyule.

Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ndogo ambayo wengi huidharau, nayo ni elimu ya kuwatambua waigizaji wageni. Mfululizo wa televisheni una wenyeji wake, watu wachache wanaoonekana kila juma, na una wageni wanaoletwa na kila hadithi: hakimu wa leo, jambazi wa kesho, balozi wa kesho kutwa. Majina ya wageni wakubwa huandikwa mbele ya hadithi. Ya wadogo hupita mwishoni upesi upesi, na ya wadogo zaidi hayaandikwi kabisa. Star Trek ilikomeshwa mwaka 1969, lakini vituo vya miji ya Marekani viliendelea kuionyesha upya kila siku, na marudio yakawafundisha watazamaji kile ambacho onyesho la kwanza halingeweza kuwafundisha. Walianza kuona kwamba kamanda wa Waromulani wa mwaka 1966 na balozi Sarek wa mwaka 1967 ni mtu mmoja, Mark Lenard, aliyebadilishiwa mavazi na nyusi. Waliandika orodha, wakalinganisha, wakasahihishana. Bibi Bjo Trimble alitoa kamusi ya mfululizo huo, kwanza mwaka 1969 kwa mikono ya mashabiki wenyewe, na tena mwaka 1976 ikachapwa kwa ajili ya maduka ya vitabu. Mtu aliyewahi kutafuta majina ya wapagazi katika shajara za wasafiri wa karne ya kumi na tisa hawezi kuwacheka watu hao. Kazi ni ileile: ni kumtoa mtu katika kundi na kumrudishia jina lake.

Katika "The Man Trap" kazi hiyo ina ugumu wa pekee, kwa sababu mhusika mmoja, yule mla chumvi, aligawanywa kwa waigizaji wengi. Jeanne Bal alikuwa umbo lake la mke wa mtaalamu, Francine Pyne umbo la msichana, Bruce Watson umbo la baharia Green, DeForest Kelley umbo la daktari wa chombo, Vince Howard umbo la yule mwanamume wa Uhura, na Sharon Gimpel alikuwa ndani ya gamba lenyewe, bila uso wake kuonekana. Kati ya hao wote, kiumbe alisema lugha nyingine isiyokuwa Kiingereza katika umbo moja tu. Kiswahili alikitoa katika kichwa cha Uhura, kama alivyotoa kila alichotumia kuwanasa watu. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba msemaji wa kwanza wa Kiswahili aliyemkuta Uhura katika mfululizo huo alikuwa mwuaji, na lugha ilikuwa chambo chake.

Ama kuhusu Kiswahili chenyewe, ni cha mtu aliyefundishwa sauti bila kufundishwa lugha. Sikio la Mswahili hupata taabu kupambanua neno linapoishia na jingine linapoanzia. Howard hana lawama kubwa hapo. Alipewa karatasi akaisoma, na waliompa karatasi hawakutazamia kwamba siku moja atasikilizwa na watu wanaoijua lugha ile tangu tumboni mwa mama zao. Kosa ni la kutotazamia.

Kuna neno la chumvi pia, ambalo mtazamaji wa Kahama atalielewa upesi kuliko wa Los Angeles. Wamarekani waliona kiumbe wa kigeni mwenye tamaa ya kigeni. Lakini nchi hii iliyo mbali na bahari iliijua njaa ya chumvi kwa karne nyingi. Chemchemi za Uvinza, ambazo maji yake yalichemshwa mpaka chumvi ikabaki chunguni, zimekuwa zikifanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama walivyoonyesha Sutton na Roberts katika uchunguzi wao wa mwaka 1968. Katika karne ya kumi na tisa watu walimiminika huko wakati wa kiangazi, na Wanyamwezi wakaichukua chumvi hiyo mabegani wakaitawanya kote. Wasumbwa wa upande huu wa Kahama na Ushirombo walikuwa miongoni mwa wasafiri wakubwa. Walikwenda mpaka Katanga kutafuta shaba, na mmoja wao, Ngelengwa, alikaribishwa huko kama mgeni akaishia kuwa mtawala wa Garenganze, akijulikana kwa jina la Msiri mpaka alipouawa Desemba 1891. Watu wake waliitwa Wayeke, na Kiswahili kilikuwa katika mizigo waliyoipeleka magharibi. Mgeni mwenye jina jipya, lugha ya safari na biashara ya chumvi: historia ya Kahama ilikuwa na vitu vyote hivi kabla televisheni haijabuniwa.

Uhura mwenyewe alikuwa na jina la safari. Nichelle Nichols, aliyezaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Illinois, alikwenda kujaribiwa kwa kazi ile akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na inayohusu Kenya katika siku za kuelekea kujitawala. Mwanzilishi wa mfululizo, Gene Roddenberry, alilipenda neno akalilainisha mwisho, likawa Uhura. Kwa Kiswahili neno hilo halina maana, na wala halikuhitaji kulainishwa. Lakini katika mwaka 1966, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijatimiza hata miaka mitano ya kujitawala, mwanamke mweusi aliyekaa kitini mwa afisa na kuitwa kwa jina lililokatwa katika neno hilo alikuwa ni habari kubwa. Martin Luther King alipokutana naye na kusikia kwamba anakusudia kuacha kazi, alimsihi asiache. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022.

Majina mengine yaliyoonekana kuwa ya Kiafrika yalivaliwa na wageni. Januari 1967 Don Marshall alicheza afisa aitwaye Boma katika "The Galileo Seven". Kwa Mswahili hiyo ni ngome, au ofisi ya serikali ya wilaya, na mzee wa Kahama angeshangaa kusikia boma likimjibu nahodha wake kwa hasira. Booker Bradshaw alicheza daktari M'Benga mara mbili, mwaka 1968 na mwaka 1969. Jina hilo limeandikwa kwa alama ya mkato ambayo wageni hupenda kuitia katika majina ya Afrika hata pasipohitajika. William Marshall, kwa upande wake, alipewa jina la Kiingereza, Daystrom, na kazi ya maana kuliko wote: mwanasayansi mkuu wa mashine za kukokotoa, katika "The Ultimate Computer" ya Machi 1968. Waigizaji hao watatu ni rahisi kuwatambua. Nyuso zao zi wazi na majina yao yaliandikwa.

Mara ya pili Kiswahili kiliposikika, haikuwa kwa kinywa cha mgeni. Tarehe 29 Septemba 1967 ilionyeshwa hadithi ya "The Changeling", ambamo mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu yote ya Uhura. Inabidi afundishwe upya kama mtoto. Anaketi na muuguzi Chapel kusoma maneno mepesi ya Kiingereza, neno moja linamshinda, na katika hasira yake anasema Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Onyesho hilo ni la nusu dakika, na huenda waandishi walilitia kwa mzaha. Hata hivyo lina fikra nzito ndani yake: kwamba mtu akifutwa yote aliyojifunza, lugha iliyo chini kabisa hubaki.

Mwaka huo huo jambo la uzito mwingine lilitendeka upande huu wa dunia. Mwanzoni mwa 1967 Rashidi Mfaume Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza kwamba kazi za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Na katika mwaka uo huo sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa ikapitishwa. Makarani wa mabomani, ambao walikuwa wamezoea kumwandikia bwana shauri kwa Kiingereza, walirudishwa kwenye lugha yao, kinyume kabisa cha muuguzi Chapel. Mtoa agizo alikuwa na sifa moja ambayo haikutajwa katika barua za serikali. Alikuwa mwigizaji wa sinema.

Kawawa alizaliwa Songea mwaka 1926, akasoma Dar es Salaam na Tabora, kisha akaajiriwa katika idara ya maendeleo ya jamii. Katika miaka ya mwanzo ya hamsini serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya sinema ya Afrika Kusini kutengeneza picha za hadithi kwa Kiswahili. Kati ya picha hizo ni Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba aingiaye mjini, na Chalo Amerudi. Kawawa alikuwa mchezaji mkuu. Waliomwona kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa uwanjani walimwona kabla hawajamsikia katika vyama vya wafanyakazi, na muda mrefu kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Ndiyo sababu jina lake halikupotea. Kila anayeandika juu ya picha hizo humtaja Kawawa kwanza, na mara nyingi humtaja yeye peke yake.

Lakini Kawawa hakucheza peke yake. Kulikuwa na mwizi wa mjini, kulikuwa na mwanamke, kulikuwa na mzee wa kijiji na mwenye duka. Watu hao walikuwa wa Dar es Salaam na vitongoji vyake, walikuwa na kazi nyingine, na baada ya picha walirudi kwenye kazi hizo. Wao ndio wageni wa sinema ya Tanganyika. Uso wa Kawawa ulitambuliwa kwa sababu ya cheo kilichokuja baadaye; uso wa mwenziwe aliyesimama hatua mbili kutoka kwake haukupata cheo, na kwa hiyo haukuulizwa. Msomi anayetegemea umaarufu kuwa taa yake huona tu vile vilivyokwisha kumulikwa.

Hali ilikuwa mbaya zaidi kabla ya hapo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha majaribio ya sinema kwa ajili ya Waafrika, makao yao yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Walitengeneza picha fupi thelathini na tano, Waafrika wakiwa waigizaji, na wakazizungusha kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kitabu chao cha mwaka 1937 kinaeleza mengi kuhusu mashine, sauti na gharama. Picha zilizosalia ni tatu tu. Mojawapo ni ya mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Wanaolima mbele ya kamera ni watu wazima wenye majina na watoto na madeni. Picha inaeleza juu ya mpango wa mashamba.

Hollywood nayo ilikuwa na njia yake. Katika King Solomon's Mines ya mwaka 1950, iliyopigwa katika nchi zetu hizi, Waafrika wanne waliandikwa kwenye orodha ya waigizaji, jambo ambalo lilikuwa heshima kwa siku zile. Lakini waliandikwa kwa jina moja moja na kabila: Kimursi wa Wakipsigi, Siriaque, Sekaryongo na Baziga wa Watutsi. Waigizaji Wazungu hawakuandikiwa makabila yao. Deborah Kerr hakuitwa Deborah wa Waskoti.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote, pengine, si cha uso bali ni cha sauti, nacho hakimo katika televisheni. Kimo katika sinema ya mwaka 1983, Return of the Jedi, ya mfululizo wa Star Wars. Rubani msaidizi mmoja, kiumbe mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb, anasema lugha ambayo watazamaji wa Marekani walidhani imebuniwa. Sauti ile ilikuwa ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, na jina lake halikuandikwa mwishoni mwa picha. Kwa miaka mingi ilipata kuandikwa kwamba lugha yenyewe ni Kihaya cha Tanzania. Habari hiyo iliandikwa ikanakiliwa, na kila aliyeinakili alimwamini aliyemtangulia.

Haikuwa Kihaya. Msikilizaji Mkikuyu aliyeketi mbele ya picha hiyo aliyafahamu maneno, na hakuhitaji kamusi wala ruhusa ya mtu. Wala haikuwa lazima kwenda Nairobi kulijua kosa. Kutoka Kahama kwenda Uhaya si safari kubwa. Ni kupita Ushirombo na Biharamulo. Wahaya ni walimu, ni wauguzi na ni wafanya biashara katika kila mji wa ukanda huu wa dhahabu. Lau mmoja wao angeulizwa angejibu kabla chai haijapoa. Hakuulizwa, kwa sababu walioandika hawakuwaza kwamba lugha ya kiumbe wa nyota inaweza kuwa na wenyewe, na kwamba wenyewe hao wana anwani ya posta. Rotich aliishi kuona jambo likitengenezwa: mwaka 2015, katika The Force Awakens, aliitwa tena kumpa Nien Nunb sauti yake.

Yuko mwingine aliyezaliwa Nairobi, naye yuko mbali na macho zaidi. Deep Roy, mtoto wa Wahindi wa Kenya, mtu mfupi sana wa kimo, alikwenda Uingereza akawa mgeni wa kudumu wa hadithi za sayansi. Katika Doctor Who ya mwaka 1977 alikuwa Mr. Sin, mwanasesere mwenye kuua, katika hadithi ya "The Talons of Weng-Chiang". Katika Blake's 7 alirudi zaidi ya mara moja, akiwa mcheza sataranji na akiwa kiumbe Moloch. Mwaka 2009 alikuwa Keenser katika picha mpya ya Star Trek, kichwa chake kikiwa kimefunikwa tena. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo uso wake haukuonekana. Mtambuzi wa kawaida, anayetegemea pua na macho, hapa hushindwa; hana budi kutazama mwendo, kimo na mikono.

Televisheni ilipofika Bara, Kahama ilikuwa imekwisha kujifunza kutazama kwa njia nyingine. Vibanda vya video, ambavyo mjini huitwa vibanda umiza kwa joto lake na mabenchi yake, vilifuata jenereta, na jenereta zilifuata fedha: za pamba na mpunga, kisha za dhahabu, hasa baada ya mgodi wa Bulyanhulu kuanza kazi mwaka 2001. Mchimbaji mdogo aliyetoka shimoni jioni alilipa kiingilio akaketi. Humo ndani mhusika mkuu aliitwa stelingi, na wanaompinga waliitwa maadui. Schwarzenegger aliitwa Komando kwa sababu ya picha yake ya mwaka 1985, na akabaki Komando katika picha nyingine zote, hata akiwa mwalimu wa watoto. Msomi aliyezoea orodha za majina ataona huo ni ujinga. Lakini watazamaji haohao walimtambua Bolo Yeung, mtu wa kifua kipana aliyekuwa mlinzi katika Enter the Dragon ya Bruce Lee mwaka 1973, alipotokea miaka kumi na mitano baadaye akiwa Chong Li katika Bloodsport. Hawakuwa na kamusi ya Bibi Trimble, na wengi wao hawakusoma Kiingereza kilichopita mwishoni mwa picha. Walikuwa na macho, na mkanda ulirudiwa mara nyingi kuliko hadithi yoyote ya NBC.

Kisha wakatokea wasimulizi. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejiita Lufufu, wa Dar es Salaam, ambaye kazi yake imeelezwa kwa kirefu na mtaalamu wa Ujerumani Matthias Krings. Lufufu aliweka sauti yake juu ya sauti za picha, akawa mume, mke, jambazi na polisi kwa Kiswahili, akaongeza maelezo na utani wake. Ufundi huo haukuanza naye. Magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalikuwa na mtu mwenye kipaza sauti, aliyesimama kando ya kitambaa akawaeleza watu wanachokiona. Yeye naye alikuwa mwigizaji, na jina lake halikuandikwa popote, maana hakuwamo ndani ya picha.

Kwa wanafunzi watakaotaka kufuata mambo haya, kazi ya Marekani imekwisha fanywa na wenyewe. Jina la Vince Howard lapatikana kwa muda wa dakika moja. La mwanamke wa Muhogo Mchungu halipatikani hivyo, na mahali pa kulitafuta ni kwa waliotazama. Picha zile zilitengenezwa ili zizungushwe majimboni, na Kahama siku hizo ilikuwa wilaya ya Jimbo la Magharibi, chini ya Tabora. Mtoto wa miaka kumi wa mwaka 1952, aliyeketi chini mbele ya kitambaa na kusikia watu wazima nyuma yake wakitaja kwa majina waliowatambua, sasa amekwisha pita umri wa miaka themanini.